Zimebaki Siku Mbili

Bi Salha alipanga safari ya pwani akiwa ameegemea mito mitatu, maana bila mito hiyo pumzi ilimkimbia. Alipanga kila kitu. Gari ni Isuzu ya Lotfi, mtoto wa binamu yake, ile anayobebea zeituni wakati wa mavuno. Kuondoka ni saa kumi alfajiri. Godoro litandikwe nyuma, kwa sababu yeye hajawahi kwenda baharini akiwa amekaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Matikiti maji mawili, ya kufukia kwenye mchanga wenye maji yapate ubaridi. Bsisa ikandwe jioni ya kuamkia safari, unga wa shayiri na dengu za kukaangwa, na mafuta ya zeituni yasifanyiwe ubahili. Na wa kumshika mkono majini ni Shedlia, mdogo wake. Si mwingine.

Binti yake, Wahida, aliyaandika yote hayo kwenye karatasi ya kukatia nguo, kichwa amekiinamisha ili mama asimwone uso. Daktari wa Mahdia alikuwa amemwita pembeni na kumwambia yeye peke yake kwamba moyo wa mama yake umechoka, na kwamba joto la mwaka huu, pamoja na mtikisiko wa barabara na ubaridi wa maji ya alfajiri, vinaweza kuuzima palepale. Mama mwenyewe aliambiwa apumzike tu. Alilisikia neno hilo, akaliacha hukohuko hospitali.

Awussu ndiyo hiyo ilikuwa inaingia, siku arobaini za joto kali kuliko yote, na watu wa El Jem wanajua kwamba mtu akizama baharini mara saba mwanzoni mwake, kabla jua halijachomoza, mwaka mzima ugonjwa utampita kando. Salha na Shedlia hawakuwahi kuikosa. Walianza wakiwa watoto, wakipelekwa kwa mkokoteni wa punda mpaka ile pwani tulivu kusini mwa Salakta, mchanga mtupu na mwani mkavu, ambako hata leo hakuna mtu aliyejenga hoteli. Waliolewa, wakazaa, wakazika, na kila mwaka wakarudi kushikana mikono katika maji yale yale.

"Kupona nimemwachia daktari," Salha alisema Wahida alipojaribu kumbishia. "Mimi nataka bahari."

Kikwazo kilikuwa eda. Munji, mume wa Shedlia, alifariki tarehe kumi na nane Machi, na mjane alikuwa amejifungia. Nyumba za dada hawa wawili zilipakana, na katika ukuta wa ua kulikuwa na mlango mdogo uliotobolewa na baba yao zamani. Shedlia alipita hapo kuja kumwona dada yake, lakini barabarani hakuutia mguu wake hata mara moja. Mawifi zake walikuwa wamesema hadharani, siku ya mazishi, kwamba huyu hatamaliza hata siku arobaini ndani, atakuwa sokoni anachagua pilipili. Neno hilo lilimwingia. Alitundika jikoni kalenda aliyopewa na duka la dawa, akawa anafuta tarehe moja moja kwa kipande cha mkaa. Miezi minne ilimfikisha Julai kumi na nane. Siku kumi zikamfikisha ishirini na nane, Ijumaa. Safari, basi, ni Jumamosi alfajiri.

Salha alinung'unika wiki nzima. Jumamosi itakuwa siku ya tano ya Awussu, alisema, bahari itakuwa imeshatumiwa na kila mwenye upele. Shedlia akamwambia avumilie. Salha akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Shedlia, huyo Munji alikuwa hakutazami akiwa hai. Ndiye atakutazama leo?"

"Ndiyo hivyo, dada. Sasa ana nafasi."

Wakacheka mpaka Salha akakosa pumzi, na Wahida akaja mbio na kumwinua mabega. Lotfi, aliyekuwa mlangoni, alitoa wazo la kwenda yeye kuleta maji ya bahari kwenye dumu ili mama aogeshwe hapahapa. Salha alipopata sauti alimwambia kwamba bahari ya kwenye dumu ni mchuzi uliokosa samaki.

Jumatatu, siku moja kabla ya Awussu, joto lilipanda mpaka ndege wakawa wanaanguka kutoka kwenye mizeituni. Wahida alikuwa katika kibanda chake cha ushonaji mbele ya nyumba, feni inasukuma hewa ya moto tu, pale mteja wake Bi Zina alipokuja kuchukua gauni la kijani. Alikuwa mjane aliyetoka edani mwezi uliopita, na gauni hilo lilikuwa la kujipongeza. Alijigeuzageuza mbele ya kioo, akasimulia jinsi alivyokaribia kujifunga siku za bure, kwa kuwa alihesabu kwa miezi ya serikali mpaka bibi yake akamcheka. Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani, kama saumu. Mishahara na karo ndiyo hufuata miezi ya serikali. Awussu hufuata ya wakulima. Mtu akichanganya kalenda hizi tatu, Bi Zina alisema, ataolewa kabla hajazaliwa.

Alipoondoka, Wahida aliuacha mguu wake juu ya kanyagio la cherehani bila kukanyaga. Munji alikufa siku tano kabla ya Ramadhani kuandama. Alihesabu kwa vidole: Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu. Ongeza siku kumi. Alitazama kalenda ya kuchana iliyokuwa ukutani, ile yenye tarehe ya mwezi wa angani kwa wino mwekundu. Leo ilikuwa sita ya Mfungo Nne.

Eda ya mama yake mdogo ilikuwa imekwisha jana.

Mlango mdogo wa uani ulikuwa hatua ishirini kutoka pale alipokaa. Angepita na kusema, "Mama mdogo, uko huru," na kesho saa kumi alfajiri wangekuwa barabarani. Alimwona mama yake juu ya godoro lile, midomo ya bluu, Lotfi anaendesha bila kujua kwamba amebeba maiti. Akakanyaga tena kanyagio. Zilikuwa siku nne tu. Katika siku nne joto lingeshuka, au mama angekata tamaa mwenyewe, au daktari angebadilisha dawa. Hakusema uongo, alijiambia. Alinyamaza, na kunyamaza si dhambi ya mtu anayempenda mama yake.

Jumanne alfajiri magari ya majirani yalipita yakiwa yamejaa watoto na matarumbeta ya plastiki. Salha alikuwa macho. Alimwuliza Wahida kama hiyo ni Awussu, naye akaitikia. Mama aliusikiliza mtaa mpaka gari la mwisho lilipokata kona, kisha akageukia ukutani.

Jumatano alichangamka. Alikunywa supu, akadai ile kanzu yake ya kuogea, ya pamba, iliyofifia rangi kwa chumvi. Alikuwa amekonda, ikamwangukia mpaka vidoleni, akamwambia Wahida aipunguze pindo asije akajikwaa majini na kuwachekesha kaa. Wahida aliketi kitandani akashona kwa mkono. Mama alimsimulia jinsi Shedlia alivyokuwa akiogopa mawimbi utotoni, akifumba macho na kuhesabu mara saba kwa sauti, na jinsi yeye Salha alivyokuwa akimdanganya kwamba ameruka tano ili aanze upya. Alikuwa anasimulia huku anamshika binti yake kifundo cha mkono, na ule mkono ulikuwa mkavu na mwepesi kama ganda la vitunguu.

Hapo Wahida alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini Shedlia akaingia kwa mlango mdogo na bakuli la tini, na dada wawili wakaanza kubishana juu ya nani atakaa upande wa upepo, na Wahida akauma uzi, akafunga fundo. Nitasema kesho, alijiambia. Kesho ni Alhamisi, Ijumaa alfajiri tutakwenda. Siku moja haiharibu kitu.

Alhamisi asubuhi Salha hakuweza kunywa maji bila kusaidiwa. Karibu na adhuhuri alifumbua macho, akamtafuta Wahida kwa mkono kabla ya kumpata kwa macho.

"Zimebaki ngapi?"

Wahida alijua anaulizwa nini. Alijua pia jibu.

"Mbili, mama."

"Mbili," Salha alirudia, kama mtu anayetajiwa umbali na kupima kama miguu yake itafika. Muadhini alipomaliza kuadhini adhuhuri, mkono ule ulikuwa umeshalegea katika mkono wa Wahida, na Wahida bado alikuwa ameushika.

Bi Mahbuba, mwosha maiti, ndiye aliyefumbua jambo lile, na hakukusudia. Alikuwa anakunja mikono ya nguo zake alipomwona Shedlia amesimama nje ya mlango, hajui kama mwenye eda anaruhusiwa kumwosha dada yake. Akamwuliza mume alikufa lini. Shedlia akamtajia, na ya kwamba anamaliza kesho. Bi Mahbuba alisogeza midomo akihesabu, akasema kwa upole kwamba bibi huyu amekwisha kutoka edani tangu Jumapili, aingie tu. Shedlia aliingia. Alimwosha dada yake mpaka mwisho, na aliporudi uani ndipo akakaa chini, kando ya mlango mdogo.

Maziko yalikuwa Ijumaa. Baada yake nyumba ilijaa wanawake, na katikati yao Shedlia alikuwa akijipiga kifua, akirudia jambo moja: amemnyima dada yake bahari kwa ujinga wa kusoma kalenda ya duka la dawa. Wanawake walimtuliza. Wakasema ni kadari, wakasema nani asiyekosea, wakasema hata sisi tungehesabu hivyohivyo. Mmoja wa mawifi zake, yule mwenye ulimi, alimletea maji ya maua ya mchungwa, akamfuta uso kwa upindo wa shuka lake mwenyewe. Shedlia hakutulizika. Alikuwa amekataa kula tangu jana.

Wahida alikuwa anapitisha mikate. Alipita mbele yake mara ya kwanza, na mara ya pili. Kama angenyamaza, jambo lile lingejenga nyumba katika mgongo wa mama yake mdogo na kukaa humo maisha yote, na hapana mtu duniani angejua. Mara ya tatu aliweka sinia chini, akamshika mkono, akamwongoza mpaka jikoni na kurudisha mlango.

"Mama mdogo, mimi nilijua."

Shedlia alimtazama bila kuelewa.

"Nilijua eda yako imekwisha. Tangu Jumatatu. Daktari alisema barabara itamwua, nikanyamaza. Jana aliniuliza siku zilizobaki, nikamwambia mbili."

Kitu cha kwanza kilichopita usoni mwa Shedlia kilikuwa nafuu. Wahida aliiona waziwazi, mabega yaliyoshuka, pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha nafuu ile ikapita, na kilichokuja nyuma yake hakikuwa na haraka.

"Alisema nini ulipomwambia mbili?"

"Alirudia tu. Mbili."

Shedlia alitikisa kichwa polepole. Hakumpiga, hakumlaani. Alichukua kipande cha mkate, akala kikavu akiwa amesimama, wa kwanza tangu jana, halafu akatoka nje kwa mlango wa barabarani kwenda kumtafuta Lotfi.

Jumamosi saa kumi alfajiri Isuzu ilikuwa mlangoni. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba, siku ambayo nyumba hupokea watu tangu asubuhi, na hakuna aliyewahi kusikia ndugu wa marehemu akienda pwani siku hiyo. Shedlia alipanda nyuma, si mbele, akakaa juu ya bati tupu. Wahida alitoka akiwa na shuka begani na viatu mkononi.

"Nichukue, Mama mdogo."

"Baki." Sauti yake haikuwa kali. "Tukishikana mikono majini nitakusamehe. Na mimi leo sitaki."

Gari lilikata kona. Wahida alirudi ndani, akabandika maji ya kuskusi, akafagia ua, akafungua mlango wa barabarani kama desturi inavyotaka. Jua lilipochomoza aliamua kutolitazama. Mgeni wa kwanza alikuwa wifi yule mwenye ulimi. Alimpa mkono wa rambirambi, akaketi, akatupa macho huku na huku, akauliza Shedlia yuko wapi.

"Amekwenda baharini," Wahida akasema.

Wifi alishika kidevu. Wanawake wengine walikuwa wanaingia, watatu, wanne, wakivua viatu, na yule akawageukia kuwaambia, kisha akamrudia Wahida kumwuliza kwa nini, siku kama ya leo, kwa nini. Wahida aliwasubiri wote wakae. Akaanza kuwaambia.