Soksi ya Kumi na Saba

Jumatatu ya kwanza ya Desemba 1984, saa nne asubuhi, Darlene Lahti aliingia jikoni kwa wifi yake akiwa na mfuko wa plastiki uliowahi kubeba mkate. Ndani ya mfuko kulikuwa na miraba sita ya kroshia. Alikung'uta theluji viatuni, akakubali kahawa, akauweka mfuko mezani kati ya sukari na maziwa.

Elma aliihesabu miraba ile kwa macho, kupitia plastiki. Soksi moja ya Krismasi huhitaji kumi na minne. Tangu Septemba alikuwa amempa Darlene sufu, sindano na mafunzo ya Jumanne nane mfululizo, na Darlene hakuwa mwanafunzi mbaya. Alijua kuanza na kipete cha katikati, kupanga mafungu ya nyuzi tatu tatu, kugeuza pembe nne na kubadili rangi kila mzunguko. Alijua pia kwamba mzunguko wa mwisho ni mweusi. Kwa akina Lahti kila mraba, uwe na rangi gani ndani, hufungwa kwa nyeusi.

"Wifi, mimi nimeshindwa," Darlene alisema hatimaye. "Kuna biskuti za kanisani, kuna wajukuu, na Reino na mgongo wake. Malizia tu mwenyewe. Una mkono mwepesi, jioni mbili tu kwako."

"Haimaliziwi na mwenyewe."

"Nani atajua?"

"Soksi itajua," alisema Elma.

Darlene alilifikiria hilo, akaona ni kweli, akamaliza kahawa yake na kuuacha mfuko pale pale.

Katika nyumba ile soksi zilitundikwa kwenye reli ya ngazi, kumi na sita kwa jumla, moja kwa kila mtu wa ukoo isipokuwa Elma. Mama yake Elma, Lempi, ndiye aliyeanza. Mwaka 1944, Reino, kaka wa Elma na sasa mume wa Darlene, alipokuwa vitani Ufaransa, Lempi alikusanya mabaki ya sufu, akafuma miraba kumi na minne, akaiunga ikawa soksi, mraba wa kisigino ukiwa umelazwa upembe kama uru kwenye karata. Akaitundika. Mkesha wa Krismasi Reino aliingia kwa mlango wa jikoni na sare yake, akala, akalala, na tarehe ishirini na sita akarudi kikosini. Jeshi halikuandika chochote. Baadaye Toivo, mdogo wake, akaenda Alaska kupika melini, naye akafumiwa ya kwake. Mwaka 1958 alifika akiwa na aproni na mwiko mkononi. Lempi alimwambia apanguse miguu.

Ndivyo soksi za Lahti zilivyofanya kazi. Mtu hufumiwa na yule anayemngoja, na aliyefumiwa huja. Lempi alipopungukiwa macho, Elma alichukua sindano. Alizirekebisha za zamani na kuwafumia wakwe, watoto na wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosa mkesha, hata mwaka ambao barabara kuu ilifungwa siku nne. Ya kwake hakuna aliyeifuma, hadi alipomwomba Darlene. Aliwahi kumuuliza mama yake, akiwa na miaka kumi na tisa.

"Soksi ni ya anayengojwa," Lempi alijibu, bila ubaya wowote. "Wewe nani akungoje, na uko hapa hapa?"

Miaka miwili baadaye Elma alikata tiketi ya basi kwenda Tacoma, bandari ya mbali magharibi, ambako ofisi moja ya bima za meli ilikuwa imempa kazi. Basi lilikuwa la tarehe tisa Novemba 1951. Tarehe saba Lempi aliteleza kwenye ngazi ya bafu la mvuke na kuvunjika nyonga. Toivo alikuwa mbali. Reino alikuwa na zamu za mgodini na Darlene alikuwa mjamzito. Walikubaliana kwamba Elma ataondoka mama akipona. Mama alipona nusu, na kwa nusu hiyo akaishi miaka ishirini na minne. Tiketi ilibaki kwenye droo ya vijiko.

Sasa Elma alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwa wiki nzima mfuko ulikaa mezani, naye alikula akiutazama. Aliwaza kumwomba Sheila, binti wa Reino, lakini Sheila alikuwa ameshasema mwaka jana kwamba kroshia inamuumiza kidole. Jumatatu iliyofuata aliitoa miraba sita ya Darlene, akainyoosha kwa mvuke wa birika, akafuma minane iliyobaki. Hakutumia jioni mbili. Alitumia moja na nusu. Alivuta uzi kwa nguvu zaidi kuliko alivyowafundisha wengine kuvuta, hivyo minane yake ilibana na sita ya Darlene ikalegea, na soksi ilipokamilika ilipinda kwenye kifundo. Akaitundika mwisho wa reli. Ncha ya soksi ilielekea mlango wa mbele.

Mlango wa mbele haukutumika majira ya baridi. Watu wote walipitia jikoni. Kwa hiyo mkesha wa Krismasi, saa kumi kasoro robo alasiri, familia nzima ikiwa imeshafika na mabuti yamejaa kando ya jiko, mlango wa mbele ulipogongwa, Reino alilazimika kuupiga teke mara tatu ili barafu iachie.

Nje alisimama Elma. Alikuwa na koti la rangi ya ngamia, nywele zilizokatwa fupi na theluji mabegani, na mkononi alishika sanduku la kijani.

"Elma," alisema Reino. "Ingia, ingia, utaganda."

Akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Elma wa nyumbani, ambaye alikuwa amesimama ukumbini na sinia la vikombe, alikumbuka kwamba Reino alimkumbatia mara ya mwisho kwenye mazishi ya mama yao, kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulishika mwavuli.

Sheila alimwondoa mumewe kwenye kiti cha karibu na jiko. "Shangazi, kaa hapa upate moto," alimwambia mgeni. Kisha akamgeukia yule wa sinia. "Shangazi, kahawa ingalipo?"

Kahawa ilikuwapo. Elma alimimina vikombe kumi na saba, bila cha kwake, na kukata mkate wa iliki, na kutoka jikoni alisikiliza maswali. Walitaka kujua safari ilikuwaje, na mgeni akawaambia basi lilikwama Montana kwa saa sita. Walitaka kujua kama ni kweli Tacoma hunyesha kila siku. Ilikuwa karibu kweli. Alikuwa mkuu wa idara ya fidia, alikuwa ameolewa na kuachana na mtu asiye mbaya, na alikuwa na fleti yenye dirisha linaloelekea bandarini. Toivo alimtania kwamba sasa anaongea kama watu wa redioni. Darlene alilishika koti lake, akalipapasa kola na kusema kitambaa kama kile hakipatikani huku.

Elma alithibitisha mambo mawili. Alipompa mgeni kikombe aliangalia gumba lake la kushoto, na kovu la jiko la kuni, sawa na lake mwenyewe, lilikuwa mahali pake. Kisha alipanda darini. Sanduku lake la kijani, alilolinunua mwaka 1950, lilikuwa bado kule, limejaa mapazia ya mama. Akalifunga, akashuka, kwa sababu viazi vilikuwa motoni.

Walikula paja la nguruwe, viazi na samaki wa mchuzi wa maziwa, na mwisho uji wa mchele wenye lozi moja ndani yake. Anayepata lozi ana bahati ya mwaka mzima, ndiyo maana mpishi hukoroga huku amefumba macho. Katika miaka thelathini na mitatu ya kukoroga, Elma hakuwahi kulipata. Safari hii lilimwangukia mgeni. Walipiga makofi.

Baada ya chakula Elma alichukua vitambaa viwili vya kukaushia vyombo, akampelekea mgeni kimoja. Mgeni hakusita. Alikuwa ameshainuka na kukunja mikono ya sweta.

"Elma," Reino alisema kutoka mezani, "muache Elma apumzike. Ametoka mbali."

"Na mimi nimetoka wapi?"

Reino alifikiri kwa dhati. "Jikoni," alisema.

Alicheka kwa upole, na wengine wakacheka, mgeni pia kidogo. Kisha mgeni akaketi tena. Elma aliviosha vyombo vya watu kumi na saba, na vya kwake, akavikausha, na hakuvunja kitu, ingawa alikuwa na sahani moja mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi ya Krismasi, wengine wakiwa kanisani, wale wawili walibaki na kahawa. Soksi ya kumi na saba ilikuwa imelala mapajani mwa mgeni. Sheila ndiye aliyeijaza, kwa haraka, machungwa na glavu za ngozi alizokuwa amemnunulia mama mkwe wake. Mgeni alikuwa akipitisha kidole kwenye mishono.

"Minane imebana," alisema.

"Ndiyo."

"Na sita ni ya nani?"

"Ya Darlene. Alichoka." Elma aliongeza kahawa. "Huko kwako, nani alikufumia?"

"Mama. Mwaka ule ule nilioondoka. Nilikuja Krismasi ya kwanza, na kila Krismasi hadi alipofariki."

"Alivunjika nyonga?"

"Tarehe saba. Niliahirisha basi siku tatu." Mgeni alinywa kidogo. "Reino alimchukua kwao. Darlene alilalamika hadi Pasaka, halafu akazoea. Walimtengea kile chumba cha nyuma."

"Walimudu?"

"Walimudu."

Elma alikijua chumba kile cha nyuma. Reino alikuwa akihifadhi humo fimbo zake za kuvulia samaki. Akaukata mkate vipande sita na kuvipanga kwenye sahani, ingawa walikuwa wawili.

Wengine waliporudi kutoka kanisani, Elma alimfuata Darlene hadi kwenye ubao wa makoti. Alimuuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya siagi: mwaka ule wa nyonga, kama yeye angeondoka, wao wangemudu kumtunza mama?

Darlene alikuwa akivua buti. Alisimama kwa mguu mmoja. "Tungemudu," alisema. "Tungefanyaje, wifi? Lakini wewe ulikuwepo."

Na akavua buti la pili.

Tarehe ishirini na saba familia yote ilimsindikiza mgeni hadi kituo cha basi, kwa magari matatu. Hayakuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo Elma alibaki. Kikombe cha mgeni kilikuwa mezani, na rangi ya mdomo ukingoni. Alikiosha.

Septemba iliyofuata alimpelekea Darlene sufu mpya, bluu na nyekundu na mabonge mawili ya nyeusi, na kumwomba ajaribu tena. Darlene alishangaa kwa unyofu kabisa.

"Soksi yako si ipo, wifi? Ile iliyomleta Elma."

"Ile ni yake."

"Basi si mamoja? Elma ni Elma. Kinyozi hajinyoi, lakini wewe umefanikiwa, unataka nini zaidi?" Akairudisha sufu mfukoni, akamsukumia. "Fanya mapema mwaka huu, uirekebishe pale kwenye kifundo. Sheila amepanga kumpa chumba cha juu, kile chako. Wewe si utalala kwenye kochi siku tatu tu?"

Elma alirudi nyumbani na sufu. Desemba alizitundika soksi kumi na sita na ya kumi na saba akaiacha kwenye droo ya vijiko, juu ya tiketi. Alikaa hivyo siku tisa. Hakuirekebisha. Jumapili kabla ya Krismasi Reino alipita kuangalia bomba lisigande, akatafuta kijiko cha kukorogea kahawa, akaiona.

"Umeisahau hii," alisema.

Reino hakuwahi kutundika soksi maishani mwake. Siku ile alikwenda mwenyewe ukumbini na mgongo wake mbovu, akaifunga mwisho wa reli kwa fundo la wavuvi, akarudi nyuma hatua mbili kuona kama imekaa sawa. Ilikuwa imepinda. Akaridhika.

Elma alijaribu kulifungua fundo lile mara mbili. Lilikuwa fundo zuri. Mara ya pili alikwenda kuchukua mkasi, akausogeza hadi kwenye uzi, kisha akaona kwamba angeikata miraba miwili ya kwake na si hata mmoja wa Darlene. Akaurudisha mkasi kwenye kikapu cha sufu.

Mkesha wa Krismasi, wengine wakiwa bado njiani, alibandika kahawa. Alibeba mto na blanketi lake kutoka juu, akaviweka kwenye kochi. Saa tisa na nusu alichukua koleo la makaa, akatoka kupitia jikoni, akazunguka nyumba na kuivunja barafu ya mlango wa mbele, kote ukingoni, kwa uangalifu, ili mgeni asisimame nje kungojea teke la mtu. Ilimchukua dakika kumi. Kisha akarudi ndani na kusimama ukumbini.

Saa kumi kasoro robo mlango uligongwa. Uliachia mara moja. Elma alilipokea koti la rangi ya ngamia, akalikung'uta theluji, akalitundika kwenye kigingi cha kwanza cha ubao. La kwake lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari.