Hatua Kumi na Moja

Jiwe la mpaka kati ya shamba langu na la Katumaro lilikuwa limehama, na kilichonitia baridi ni kwamba lilikuwa limehama kuniongezea mimi.

Niligundua siku mbili kabla ya sikukuu ya Terminus, mungu wa mipaka. Nilianzia kwenye kizingiti cha mlango wangu, nikaenda nikihesabu hatua za kiaskari, mguu wa kulia ukikanyaga mpaka ukanyage tena. Sisi askari tulipogawiwa mashamba haya ya bonde la mto Pado zilikuwa mia mbili na arobaini. Kisha miaka kumi na sita sikuhesabu tena, nilikuwa na kazi. Safari hii nikapata mia mbili hamsini na moja. Nikarudia. Mia mbili hamsini na moja vilevile, na ukungu umenilowesha mpaka makwapani.

Kwetu anayesogeza jiwe la mpaka amelaaniwa, yeye na ng'ombe wake wa kulimia, na yeyote akimuua haulizwi. Mto nao ulikuwa umefurika majira yale, kwa hiyo wapimaji wangekuja baada ya sikukuu kukagua kila jiwe. Wangekuta shamba langu mimi, Numerio Ofilio, limenenepa. Nani angeamini kwamba si mimi niliyelinenepesha?

Mbaya wangu sikumtafuta mbali. Ardhi yote hii, tambarare kama ubao wa kukandia unga, ilikuwa ya Wagalia wa ukoo wa Katumaro kabla hatujaja na panga, na nyuma ya panga wapimaji na kamba zao. Yeye akaachiwa kipande cha kandoni, chenye matope na vyura. Miaka yote hiyo hajanitukana hata mara moja. Alinizibulia mtaro. Wakati wa baridi alinipa mtoto wa nguruwe, nikamkagua mpaka meno nisione kasoro, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mimi ni mtu wa milima ya Sabina. Kwetu mtu akikuchukia anakurushia jiwe, unajua moja.

"Si upime kwa kamba," alisema mke wangu Vibia, akikoroga uji.

"Kamba ikilowa hujikunja. Miguu hii imepima barabara nzima kutoka Arimino mpaka Plasentia."

"Lini, mzee? Siku hizi ukitumwa sokoni unarudi uji umeshaganda."

"Nasimama kuongea na watu."

"Haya."

Sikuipenda ile haya yake.

Njia ya kuujua ukweli ilikuwa moja tu. Chini ya kila jiwe wapimaji hufukia vitu visivyooza: mkaa, vigae, mifupa ya kafara. Jiwe likihamishwa, mkaa hubaki. Lakini ukionekana unachimba mpakani peke yako, umekwisha. Lazima awepo shahidi, na shahidi ni jirani. Yaani nimwite aliyenitegea aje aniangalie nikinasa.

Asubuhi ya sikukuu Katumaro akaja mwenyewe, mrefu, masharubu yameingia mvi, mkononi keki ya asali na shada la kulivisha jiwe. Akaliona jembe langu.

"Mzee Ofilio, leo ni siku ya kumwaga divai. Jembe la nini?"

"La kukuumbua. Jiwe hili limesogea."

"Limekwenda wapi?"

"Kwako. Hatua kumi na moja. Unataka wapimaji wanikute na ardhi yako, mimi niuawe, wewe urudishiwe shamba."

Akalitazama jiwe, kisha akanitazama mimi, miguuni. "Mpango mzuri huo," akasema. "Mbona mimi sikuufikiria?"

"Usinichezee, Mgalia wee."

"Chimba basi. Nashika upande huu."

Tukalilaza jiwe ubavu. Nilichimba huku jicho moja liko kwenye mikono yake, asije akatupia kitu shimoni. Udongo ulikuwa mzito, mgongo ukaniuma, na nilipofika kina cha dhiraa moja ukageuka mweusi. Mkaa. Vigae vya mtungi. Taya la mwanakondoo. Na katikati, umeliwa na kutu, msumari wa kiatu changu cha vita, niliong'oa kwenye soli siku ile ya kwanza na kuutupa humo kwa mkono wangu ili ardhi inijue. Hapakuwa na mwingine aliyejua habari zake. Jiwe halikuwa limesogea hata upana wa kidole.

Nikakaa ukingoni mwa shimo. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, maana kama jiwe lilikuwa mahali pake, basi kilichopungua ni mimi, na hatua zangu.

"Kumi na moja si mbaya," alisema Katumaro, akikaa ng'ambo ya shimo. "Zangu zimeongezeka kumi na tisa."

"Zako za wapi?"

"Za kutoka kwangu mpaka mlangoni kwako. Huzihesabu kila mwaka siku kama ya leo, nikikuletea keki. Mwaka juzi nilidhani umehamisha nyumba."

Alicheka. Mimi sikucheka. Shaka ya miaka kumi na sita haitoki kwa jembe moja.

"Mlango wangu unauhesabia nini?" nikamuuliza.

Aliimega keki, akanipa kipande chenye asali nyingi, akapangusa vidole kwenye majani.

"Kile kizingiti unachoanzia kuhesabu," akasema, "alikilaza baba."

Nilikikuta hapo siku tulipoanza kujenga, jiwe zuri, limekaa sawasawa. Nakumbuka nilimwambia Vibia kwamba tuna bahati, hatutahangaika kuchonga jingine.