Upande wa Marehemu

Kwii. Kabla ya alfajiri springi ililia chini ya Bahija, naye akajua mgongo wake umeamka mapema kuliko yeye. Godoro hilo mwanawe Ragab alilinunua mjini Tanta mwaka juzi, kwa mapenzi yote, na tayari lilikuwa na bonde katikati.

"Nitakununulia jingine, mama," Ragab alisema wakati wa chai.

"Jingine la kufa kama hili? Niteremshie langu lililoko juu ya paa."

"Lile la pamba? Kuku wanatagia juu yake!"

"Basi lete na mayai."

Lilikuwa godoro la arusi yake. Alifanya mzaha, lakini moyoni alikuwa na hofu. Kama pamba imeoza, godoro alilolalia na marehemu Mahrus, mumewe, litaishia jaani.

Fundi Gaber, mchambua pamba, alikuja na uta wake mrefu wa kupigia pamba begani. Ndiye aliyelishona kabla ya arusi, katika ua huu huu wa nyumba, majirani wakipiga vigelegele na kurushia pamba peremende. Siku hizi watu hawamwiti. Alifumua mshono, akachomoa bonge gumu lililopiga weusi, akalinusa.

Bahija alisogea karibu.

"Imechoka tu, haijafa," fundi akasema. "Pamba hii ya zamani, Mama Ragab, itatuzika sote."

Uta ukaanza kuvuma, na pamba ikafura nyeupe kama maziwa yanayotaka kumwagika. Ragab akatia simu mfukoni, akashika ncha ya kitambaa cha godoro bila kuambiwa. Jirani akachungulia dirishani, akapiga kigelegele. "Bi arusi ni nani?"

"Mimi! Umechelewa kuleta peremende!"

Wakati wa kujaza, fundi akasita.

"Upande wa marehemu niliushindilia zaidi. Mgongo ulimsumbua; aliniambia kando, akaona haya kukuambia wewe. Sasa nisawazishe?"

Miaka yote hiyo Bahija alidhani ugumu ule ni kosa la fundi. Akapapasa kitambaa pale Mahrus alipokuwa akilala.

"Fanya vile vile."

Jioni alimfungia fundi mkate, jibini na yale mayai ya juu ya paa.

"Pamba italala tena," fundi akasema, akijitwika uta. "Ikilala, niite niiamshe."

"Usingoje ilale, Fundi Gaber. Njoo kabla, hata kwa chai tu."