Kaya ya Bwana Massawe

Bwana Leonardi Massawe, mkuu wa kituo cha kuwapokea wakimbizi karibu na Katonga, aliamini kwamba kompyuta ni karani mvivu, na kwamba dawa ya uvivu ni agizo. Mwaka ule wa 1997 alitoa maagizo mengi. Walioyapokea walikuwa Oswald, kijana wa Simbo, na Melania, aliyehamishwa kutoka Tabora. Hao ndio waliotunga programu ya kuwapanga wakimbizi kwa familia kabla malori hayajawachukua, mengine kwenda kambi za Kasulu, mengine za Kibondo.

Agizo la wiki hiyo lilikuwa fupi. "Jina la mwisho likifanana, ni familia moja. Lisipofanana, si familia. Mnapoteza muda kuwahoji watu wakati mashine inaweza kusoma."

"Mkuu," alisema Oswald, "Warundi hawarithishani jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake. Hata sisi Waha ni hivyo hivyo."

"Kwetu Moshi, Massawe ni Massawe hadi kaburini. Rekebisheni. Malori yanaondoka kesho mchana."

Wakarekebisha. Melania akaijaribu programu kwanza kwa Yunisi Nahimana, mama aliyevuka ziwa na watoto watatu: Nzeyimana, na mapacha Bukuru na Butoyi. Mashine ilimpeleka Yunisi Kibondo, Nzeyimana na Bukuru ikawapeleka Kasulu, kila mmoja na lori lake. Butoyi, ambaye hakuwa amefikisha umri wa kuacha kunyonya, iliandika kuwa ni mkuu wa kaya.

Melania akamgeuzia Oswald skrini. "Tukimwonyesha hii atasema tumekosea kuandika majina."

"Kweli. Majina ya Kirundi hayamuumi," alisema Oswald. "Tumtafutie yatakayomuuma."

Asubuhi akaenda kwa mkuu kwa unyenyekevu uliomtia Melania wasiwasi. Alipendekeza programu ifanyiwe jaribio mbele ya wafanyakazi wote, ili ubora wake uonekane. Na kwa kuwa si vema kuwatia wakimbizi hofu, watumie majina ya wafanyakazi wenyewe, kama yalivyo kwenye ajira. Bwana Massawe alilipenda wazo hilo kiasi cha kuagiza chai.

Wakakusanyika wote, wakiwemo muuguzi wa kituo, Bi Evaline Castory, mkewe Bwana Massawe, na dereva Noel Castory, kijana wa Ujiji ambaye hakuwa ameoa. Jenereta ikanguruma. Oswald akabonyeza, kisha akasoma kwa sauti ya mtu asiye na habari.

"Kaya ya Castory: Noel, mkuu wa kaya. Evaline. Watapewa hema moja, lori la Kasulu."

Kikombe cha mtu fulani kikagonga sahani.

"Massawe, Leonardi. Hana familia. Hema la makapera, Kibondo."

Bi Evaline akamgeukia dereva. "Noel, nyumbani kwako kuna mwiko wa ugali, au nije na wangu?"

"Shikamoo, mama," alijibu Noel, akitazama viatu vyake. "Upo. Ila mimi hula dagaa kila siku."

"Nimezoea shida. Huyu hapa hata dagaa hakaangi."

Kicheko kilipotulia, Bwana Massawe alikuwa amesimama. "Mashine hii mbovu."

"Imetii neno kwa neno, mkuu," alisema Oswald.

"Haijui kwamba huyu ni mke wangu?"

"Haikuuliza."

"Basi iulize!"

"Imuulize nani, mkuu?" Melania alidakia kwa upole.

"Imuulize mwenyewe! Mama akifika, aulizwe watoto wake ni akina nani, mumewe ni nani. Hilo nalo linahitaji shahada?"

Melania alisema wazo hilo ni zuri sana. Aliomba liwe agizo rasmi, na Bwana Massawe, akiwa bado na hasira, akalitia saini. Programu ya awali, ile iliyouliza, ilirudishwa kabla chai haijapoa. Bi Evaline alimwambia mumewe kwamba yuko tayari kumtoa kwenye hema la makapera la Kibondo, lakini si leo.

Mchana malori yalijipanga. Karani wa zamu alimsimamisha Yunisi, akitazama majina manne yasiyofanana. Bwana Massawe akamwahi.

"Warundi, bwana, kila mtoto ana jina lake," alimweleza kwa subira. "Lazima uulize. Hata Waha ni hivyo hivyo. Hukujua?" Kisha akamgeukia Oswald. "Na wewe zingatia hayo."

"Nimeelimika, mkuu," alisema Oswald.

Yunisi alimpa Nzeyimana mkono apande, akampakia Bukuru, kisha akapanda na Butoyi mgongoni. Lori la Kasulu likaondoka nao wote wanne.