Damu ya Mwalimu Zacharie

Kijijini Vulamba watu hawachezi na mambo ya damu. Tangu ile miaka ya Ebola, ukitokea na glavu mkononi, hata koko, bibi kizee asiye na jino, atakuuliza nani amekutuma na damu unaipeleka wapi. Sasa Docteur Clémence, mtoto wa palepale, aliyetumia ujana wake wote Ulaya akichunguza mafuta ya ubongo, alifikiri watampigia vigelegele. Thubutu! Wagonjwa wa kusahau aliwapata kule mjini Beni, lakini wazee wazima wa kulinganisha nao, hakuna hata mmoja aliyekunja mkono wa shati.

"Basi, papa yangu ataanza," akawaambia misa ilipoisha. "Mukimuona anatoka muzima, na banyinyi mutaingia."

Nusu yao walifundishwa kusoma na huyo baba yake, Mwalimu Zacharie. Akikubali yeye, nani atabisha?

Clémence akawaeleza taratibu. Ubongo una mafuta mengi, na kuna protini inayoyabeba toka seli hadi seli. Wengine huzaliwa na aina inayobeba vibaya, na hao wako hatarini zaidi kusahau wakizeeka. Yeye alitaka mgonjwa na mzima wa umri mmoja, aone damu zao zinatofautiana wapi.

Siku ilipofika, mzee alifika salle ya paroisse, ule ukumbi wa kanisa, na koti lake la sherehe, mkewe, Mama Vagheni, amemshika mkono. Tangu Clémence arudi nyumbani wiki moja kabla, hao wawili walikuwa hawaachani. Ukimuuliza mzee kitu, mama anajibu. Mtu akija kusalimia, mama anawahi kutaja jina: "Papa, ni Siméon huyu." Clémence alikuwa akicheka tu. Mapenzi ya uzeeni, jamani, matamu!

"Niingie naye," mama akasema mlangoni.

"Hapana, mama. Kila mutu anaingia peke yake. Ni sheria, na ni mimi niliiweka."

Mama hakuuachia ule mkono mpaka Clémence alipouvuta.

Ndani, kabla ya sindano, maswali ya kupima kumbukumbu yalikuwa mepesi.

"Papa, leo ni siku gani?"

"Siku yenye Mungu alitupatia." Wakacheka wote wawili.

"Na asubuhi ulikula nini?"

Mzee akatazama mlango. "Uulize mama, yeye njo anapikaka."

Clémence akaacha kucheka. Akasogeza kiti. "Papa, niangalie. Mimi ni nani?"

Mzee akavua kofia, akamtazama kwa heshima ileile anayowapa wageni. "Unisamehe, Docteur. Weye uko mutoto wa nani?"

Lo! Niseme nini mimi? Ugonjwa ambao Clémence aliufuata Ulaya kuuchunguza ulikuwa umeketi kwao, unakula sahani moja na mama yake, naye amelala chumba cha pili wiki nzima asiuone! Mganga hajigangi, sawa, lakini hata macho hana?

Akatoka, akamshika mama mabega, akasahau kwamba watu wanasikia. "Tangu wakati gani? Mama, juu ya nini hukuniambia? Mimi! Hii njo kazi yangu!"

"Njo kazi yako, ndiyo." Mama Vagheni hakupandisha sauti. "Ile mwaka ulikuja mu likizo, ulisema ku radio kama ugonjwa hii haina dawa. Nilisikia, nikazima radio. Papa yako alikuwa ameanza kupotea njia ya soko. Donc basi ningekuita ukuje kufanya nini? Umuangalie namna anaisha?"

Alichosema Clémence kwenye radio kilikuwa kweli, na bado ni kweli.

Wazee waliokaa kwenye mabenchi ya nje, wakingoja kuona Mwalimu atatokaje, walikuwa wametoa macho. Mama akawatazama, kisha akakunja mkono wa blauzi. "Si ulitaka mugonjwa na muzima? Tuko hapa. Mugonjwa njo ule. Muzima njo mimi. Kamata damu."

Nyuma yake Siméon, mkaidi kuliko wote, akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati.

Clémence alirudi ndani, akaanza na baba. Machozi yalimziba macho, sindano ikakosa mshipa. Mzee akampapasa kiganja.

"Usilie, Docteur. Haiumi sana. Mutoto wangu naye anafanyaka kazi hii. Unamujua?"

"Ndiyo, papa. Namujua."

"Basi umuambie arudi mbiyo. Nimeanza kusahau sura yake."