Mfereji wa Darasa la Sita

Jumatatu alasiri mfereji uliochimbwa na darasa langu uliingiza maji katika ofisi ya mwalimu mkuu. Rejista zililowa, chaki za muhula mzima zikawa uji, na Mwalimu Zachariah akasimama mlangoni ameshika viatu mkononi.

"Mwalimu Drusilla," akasema, "hii ndiyo elimu yako ya vikundi?"

Mwaka ulikuwa 1968, nami nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu na kichwa kilichojaa mipango. Darasa la sita lilikuwa chini ya mteremko, na kila alasiri mvua ya Nyamira ilipenya ukuta wa nyuma mpaka watoto wakaandika wameinua miguu. Niliwaondoa kwenye safu za madawati, nikawaweka watano watano. Nikawaambia: tafuteni maji yanatoka wapi, bishaneni yapelekwe wapi, jaribuni, kisha chimbeni. Jibu sikuwapa. Kikundi kimoja kilichagua mahali, wengine wakashika majembe, na sasa mwalimu mkuu alikuwa pekupeku.

"Mkaguzi anakuja Ijumaa," akasema. "Akikuta mchezo huu, barua ya kukuhamishia Kenyenya iko ndani ya droo hii. Imebaki kupelekwa tu."

Kenyenya ilikuwa upande mwingine kabisa wa wilaya. Nilikuwa na watoto watatu, na wa mwisho, Persis, alikuwa bado ananyonya; mama mkwe wangu, Bitutu, alimleta shuleni kila mapumziko. Bitutu alikuwa ameshaniambia bila kupepesa macho: "Wewe nenda popote serikali ikutakapo. Watoto ni wa boma hili." Mume wangu Walter alifanya kazi Kericho, na barua zake zote zilisema atafikiria.

Kubishana na Zachariah sikuweza. Baba yake na baba wa baba mkwe wangu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo naye alikuwa baba mkwe wangu. Nikasema, "Ndiyo, baba," nikatoka nje mvuani.

Jumanne nilikiita kile kikundi kilichochagua mahali pa kuchimba. Mkubwa wao alikuwa Ratemo, miaka kumi na sita, ndevu zimeanza, kijana aliyewahi kuchimba mitaro kwenye mashamba ya chai kabla ya kurudi shule.

"Ratemo, ulijua maji yataingia ofisini?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua!"

"Upande ule unashuka kidogo halafu unapanda. Hata ng'ombe anaona."

"Mdomo wako ulikuwa wapi?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Mogire ndiye aliyesema tuchimbe pale."

"Mogire ana miaka kumi na mmoja!"

"Ni tata," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mtoto wa mke wa mwisho wa babu yangu. Ni baba yangu mdogo, Mwalimu. Nitamwambiaje mbele ya watu kwamba amekosea? Ni ensoni."

Mogire akafuta kamasi kwa mkono. "Mimi nilikisia tu. Angesema."

"Nyamaza, tata," Ratemo akamwambia kwa heshima zote.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu kofi, na mtu mwenyewe alikuwa mimi. Nimezaliwa Nyamache, huku huku Gusii. Ensoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mtoto, naijua tangu sijaota meno. Lakini chuoni walitufundisha kuchanganya wanaojua na wasiojua, nami niliwapanga kwa alama za mtihani, kana kwamba wamedondoka kutoka mawinguni. Nilipowauliza wengine, karibu kila kikundi kilikuwa na "baba" au "shangazi" wake, na huyo akisema, mjadala umekwisha.

Jumatano baada ya shule nilimfuata Bitutu shambani tukachuma maua ya pareto. Nilimsomea majina ya darasa zima.

"Nani mzazi wa nani hapa, mama?"

"Unataka kuoza nani?"

"Nataka kupanga watoto darasani."

"Kwa ukoo?" Akaacha kuchuma. "Hilo ndilo ulilosomea miaka yote ile?"

"Hilo hawakunifundisha."

"Basi walikula ada ya baba yako bure." Akaendelea kuchuma. "Watoto na baba zao usiwaweke pamoja, watakaa kama mawe. Weka mtu na babu yake. Babu na mjukuu wanatukanana mpaka jua linazama, na hakuna anayekasirika. Na waliolingana vilevile."

Alinitajia ukoo wote, jina kwa jina, vidole vyake vikikata maua bila kukosea. Alhamisi nikapanga upya. Ratemo nilimweka na Jethro, rika lake, na Kemuma, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye kwa hesabu ya ukoo alikuwa bibi yake. Usiku huo sikulala vizuri. Nilimnyonyesha Persis mara tatu, na mara zote tatu nilijiona kwenye basi la Kenyenya bila yeye.

Ijumaa mkaguzi alifika saa tatu, mtu mrefu mwenye kitabu cheusi. Zachariah alisimama kando yake. Niliwatoa watoto nje na madebe ya maji na majembe, nikawauliza swali lilelile: maji yanatoka wapi?

Kisha nikamsikia Kemuma.

"Mjukuu wangu, hizo ndevu umefuga za nini kama hazijui maji yanatoka wapi?"

"Bibi, wewe huna hata jino la kutafuna muwa, utaniambia nini?"

"Ninayo yote! Mwaga maji hapa tuone."

Wakamwaga. Jethro akabisha, wakamwaga tena mahali pengine. Wakabishana kwa Ekegusii na Kiswahili, wakakimbia na maji yanayotiririka, wakapanda juu. Vikundi vingine vikawafuata kwa kelele. Mwisho wakasimama wote kwenye ua wa juu, pale ambapo Mwalimu Zachariah alikuwa amekata ua na kuchimba njia ya mkato kwenda nyumbani kwake.

"Ni hii," Ratemo akasema. "Njia hii imekuwa mto. Maji ya kilima kizima yanaingia hapa. Tukichimba kule chini tunajichosha bure."

"Nyamazeni!" Zachariah akapaza sauti. "Kelele gani hizi mbele ya mgeni? Rudini darasani! Tatizo liko kwenye ukuta."

Watoto wakanywea. Ratemo akainamisha kichwa. Mkaguzi akafungua kitabu chake, akaanza kuandika, nami nikajua anachoandika.

Niliuangalia mchanga, maana machoni mwa Zachariah sikuweza kutazama.

"Baba," nikasema, "umekosea. Ukuta hauna tatizo. Ni njia yako."

Kemuma alishika mdomo.

Mkaguzi akachukua debe kutoka kwa Jethro, akapanda mpaka kwenye njia, akamwaga mwenyewe. Maji yakashuka moja kwa moja, yakampita Zachariah miguuni, yakagonga ukuta wa darasa la sita. Mkaguzi aliyatazama mpaka yalipokwisha.

"Watoto hawa wana hoja," akasema, akafunga kitabu.

Mkaguzi alipoondoka, Zachariah aliniita chini ya paa la ofisi. Hakunitazama, nami sikumtazama.

"Umenivua nguo mbele ya watoto."

"Nimekosa heshima, baba. Nitakuja na mama kuomba msamaha nyumbani. Lakini tatizo ni njia ile."

Mvua ilikuwa inaanza.

"Jumatatu waje na majembe, wafukie njia, wachimbe mfereji kule juu," akasema. "Barua sitaipeleka mwaka huu."

"Mwaka huu, baba?"

"Nimesema mwaka huu."

Tulikuwa mwezi wa Juni. Bitutu alikuwa tayari getini, Persis analia. Nilimchukua mtoto, nikamnyonyesha nimesimama, huku nikimsikia Kemuma akimwambia mjukuu wake kwamba mfereji lazima uwe na kina cha magoti, na Ratemo akimuuliza ni magoti ya nani.