Uliza Kwanza, Ndipo Ufunge Karasha

Maige alikuta karasha yake ya kusagia mawe ya dhahabu imezungushiwa utepe mwekundu na lakiri ya serikali. Simu hajapigiwa, kuitwa hajaitwa. Mawe ya watu yanasubiri kusagwa, mashine kimya, na karatasi imebandikwa: maji ya kuoshea dhahabu yanaingia kisima cha jirani yake, Mama Blessing.

"Mwalo wa kuoshea si nilishauhamishia bondeni!" Akanyakua panga. "Nakata!"

"Kata," alisema Rhoda, binti wa chuo kikuu aliyepanga kwa Mama Blessing, anafanya utafiti wa sheria za machimbo. "Sasa hivi ni shauri la ofisi tu. Ukikata lakiri, ni jinai. Mawe utaenda kupondea gerezani."

Panga likashuka. "Kwa hiyo nikae kama gunia?"

"Mtu akituhumiwa kuiba mawe hapa, mnamtimua hapo hapo?"

"Thubutu! Tunazima winchi, anasimama pale juu ya shimo, mdomoni mwa duara, anaongea mpaka akauke. Hata mwizi. Ndipo tunaamua."

"Basi na ofisa anatakiwa akusikilize kwanza. Mahakama zimefuta maamuzi kibao kwa sababu hiyo. Wasomi wanaiandikia vitabu."

"Vitabu! Kwa jambo la winchi?"

"Kuna maofisa hawajafika kwenye winchi."

Maige akadandia bodaboda mpaka mjini, kwa ofisa Marselino aliyeifunga karasha.

"Shikamoo, mzee. Umenihukumu bila kuniuliza. Njoo duarani unisikilize."

"Marahaba. Yaani wewe ndiye unaniita mimi?"

"Nayaita masikio yako tu, mzee. Ukigoma, nakata rufaa."

Marselino akaguna, lakini kesho yake akaja. Winchi ikazimwa. Maige akaongea mpaka jasho likamtoka, akamwonyesha mfereji wa zamani, mkavu, umeshaota majani. Mama Blessing naye akasogea.

"Baba, mimi nilishtaki kabla hajahamisha. Sasa maji safi." Akachota kikombe kisimani kwake, akanywa mbele yao.

Marselino akarudi kwenye karasha, akakata utepe mwenyewe.

"Ungeniambia mapema, kijana."

"Ungeniuliza, mzee."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Ofisa akajikuna kidevu. "Haya, na mimi naruhusiwa kusimama hapo?"

"Karibu! Hapa hata aliyekosea anaongea."

Marselino akasimama mdomoni mwa duara, akajitetea kwa kirefu, na hakuna aliyemkatiza. Alipokauka, Maige akawasha karasha. Vumbi likawafunika wote, ofisa na Rhoda wakiwamo, na yeye akaona raha tupu.